Kijana Mwenye Usonji Anapotimiza Miaka 18: Nani Atasimama Mahali pa Mzazi?

Kila ifikapo Aprili 2, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Uelewa kuhusu Usonji Duniani, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2007 na kuanza kuadhimishwa mwaka 2008. Katika maadhimisho hayo wanaozungumzwa zaidi ni watoto: dalili za awali, uchunguzi, madarasa ya elimu maalum, na wazazi wanaohimizwa wasiwafungie watoto wao ndani. Ujumbe huo ni sahihi na bado unahitajika. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa kwanza wa maadhimisho anatimiza miaka 18 mwaka 2026, na swali linalomkosesha mzazi wake usingizi si tena lile la shule gani itampokea. Ni nani atakayebaki naye.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika maeneo ya vijijini. Kata ya Manchira, wilayani Serengeti mkoani Mara, inafahamika zaidi kwa bwawa linaloupatia maji mji wa Mugumu. Wakazi wake wengi huishi kwa kilimo na ufugaji. Hakuna kituo cha kulea watu wazima wenye usonji, na mshahara wa mwisho wa mwezi ni jambo la wachache. Kwa ajili ya uchambuzi huu, inatosha kumfikiria mama mmoja wa eneo kama hilo, mwenye miaka 50, shamba la mahindi na mtama, ng'ombe wachache, mabinti wawili walioolewa, mtoto wa kiume mwenye familia yake, na kitinda mimba wa miaka 16 mwenye usonji ambaye huzungumza maneno machache. Mama huyo akifikisha miaka 75, mwanawe atakuwa na miaka 41. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini familia nyingi haziifanyi.

Usonji si ugonjwa unaopona kwa dawa. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuendelea maisha yote, ikigusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wengine, anavyohisi sauti, mwanga au mguso, na anavyoshikilia utaratibu aliouzoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wapo wanaosoma hadi chuo kikuu na kujitegemea, na wapo wanaohitaji msaada wa mtu mwingine kila siku. Baadhi yao huwa pia na kifafa au ulemavu wa akili. Maandalizi ya mtu mzima mwenye usonji, kwa hiyo, hayawezi kuwa ya sare moja kwa wote. Yapo, pamoja na hayo, mambo ambayo kila mzazi atakutana nayo, na la kwanza ni umri.

Mlango wa miaka 18

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Hadi umri huo, mzazi ana mamlaka inayoeleweka na kila ofisi: ndiye anayejaza fomu za shule, anayeridhia matibabu na anayejibu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Siku kijana anapotimiza miaka 18 mamlaka hiyo haipo tena kisheria, ingawa nyumbani hakuna kilichobadilika. Yule yule anayekumbushwa kuoga na kuvaa anakuwa, mbele ya dirisha la huduma, mtu mzima anayetakiwa kujieleza mwenyewe, kuweka alama za vidole na kutia saini.

Hilo si kosa la sheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia Novemba 2009, unatamka katika Ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba nchi wanachama zitawapatia msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Shabaha yake ni kukomesha mazoea ya kumfanya mtu mwenye ulemavu kuwa mtoto wa kudumu anayeamuliwa kila jambo. Neno la kuzingatiwa hapo ni msaada. Kwa kijana asiyezungumza, msaada hauwezi kutolewa na mgeni aliyekutana naye asubuhi hiyo. Hutolewa na mtu anayejua kwamba akiziba masikio amechoshwa na kelele, na kwamba akirudia swali lile lile mara kumi hana ukaidi bali anatafuta uhakika. Mtu huyo huandaliwa kwa miaka, na huandaliwa wakati mzazi bado yupo.

Nyaraka ndizo hatua ya kwanza na iliyo rahisi zaidi, lakini ina haraka yake. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ndicho kinachofungua njia ya Kitambulisho cha Taifa, ambacho raia hustahili kukipata anapotimiza miaka 18. Bila utambulisho huo, laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake, akaunti haifunguliwi, na ushiriki katika bima ya afya au mpango wowote wa ruzuku huwa wa kuhangaikia. Mtu mzima ambaye hakuandikishwa utotoni huhitaji uthibitisho wa mahali na tarehe aliyozaliwa, na kwa mtu asiyeweza kujieleza shahidi mkuu wa jambo hilo ni mama yake. Shahidi huyo akiondoka, kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa haitasimulia chochote.

Lipo jambo dogo ambalo maafisa wa usajili na wazazi wanaweza kulirahisisha kwa pamoja. Vijana wengi wenye usonji hawapendi kushikwa mikono na mtu wasiyemfahamu, na hufadhaishwa na foleni. Mzazi anaweza kumzoesha nyumbani kubonyeza vidole juu ya kitu kigumu, kisha akaomba kuhudumiwa mapema asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Hakuna gharama katika hilo, na huepusha safari tatu au nne za kurudishwa nyumbani.

Sambamba na nyaraka hizo inahitajika taarifa ya kitabibu iliyoandikwa. Familia ya Manchira inaweza kuanzia Hospitali ya Nyerere iliyopo Mugumu, na inapobidi kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Musoma au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza. Watoto wengi hawakuwahi kufika huko. Walikua wakiitwa mabubu, wakaidi au waliorogwa, na familia ikaridhika na jina hilo. Uchunguzi unaofanywa katika umri wa miaka 16 haurejeshi muda uliopotea, lakini humpa kijana karatasi inayoeleza hali yake kwa lugha ambayo ofisi, shule na mahakama zinaielewa.

Shamba, ng'ombe na neno la ukoo

Mali ndiyo sehemu yenye hatari kubwa zaidi. Katika jamii nyingi za Mara, ardhi na mifugo hupita kwa watoto wa kiume, na ng'ombe wa mahari ya dada humwezesha kaka kuoa. Mfumo huo una nafasi kwa kijana anayeoa, anayejenga na kudai haki yake mbele ya wazee. Kijana asiyeoa na asiyesema huweza kurukwa bila hata mtu mmoja kukusudia ubaya. Husemwa kuwa atakula kwa kaka yake, na kwa kauli hiyo fungu lake humezwa na fungu la kaka. Kaka akiwa mwema, maisha huendelea. Kaka akifariki kabla yake, akihamia mjini, au mke wake akichoka na mzigo ambao hakuulizwa kama anaukubali, kijana hubaki hana shamba la kutajwa kuwa lake wala mtu wa kulaumiwa.

Sheria imelitazama jambo hili kwa uwazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 kinabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu fursa halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ya kijiji. Mila haiwezi kutumiwa kumwondoa kijana mwenye usonji kwenye ardhi ya wazazi wake. Kifungu hicho, hata hivyo, hakijitekelezi chenyewe. Kinahitaji mtu wa kukisoma mbele ya Halmashauri ya Kijiji siku mgogoro unapozuka, na kinahitaji ardhi ambayo mipaka na mwenyewe vinafahamika.

Hapo ndipo hati ya haki miliki ya kimila inapokuwa na kazi. Mzazi anaweza kuomba sehemu ya shamba isajiliwe kwa jina la kijana, au kwa majina ya watu zaidi ya mmoja, kijana akiwa miongoni mwao. Kila njia ina faida na upungufu wake. Hati iliyo kwa jina lake peke yake huzuia ndugu kulichukua shamba kimyakimya, lakini mtu mwenye hila anaweza kumshika kidole na kukigandamiza kwenye karatasi ya mauzo. Umiliki wa pamoja na dada au kaka anayeaminika hupunguza hatari hiyo ya pili na kuongeza kidogo ile ya kwanza. Kinga iliyo imara zaidi ni kwamba uhamisho wa haki ya kimila hupitia Halmashauri ya Kijiji. Wajumbe wakijua tangu mapema kwamba shamba fulani limetengwa kwa ajili ya maisha ya kijana fulani, na jambo hilo likaingia katika muhtasari wa kikao, mnunuzi wa hila atakutana na ukuta.

Wosia nao unaogopwa bila sababu. Wapo wanaoamini kuwa kuuandika ni kujitabiria kifo. Kwa familia hii, kutokuuandika ni kumwacha asiyeweza kusema ajitetee katika kikao ambacho kila mtu anasema. Chini ya kanuni za sheria za mila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili kutoka ukoo wa mwenye wosia na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi hushuhudiwa na watu wanaojua kusoma na kuandika, wasiopungua wawili ikiwa mwenye wosia naye anajua kusoma, na wanne ikiwa hajui. Wosia ulioandikwa unaweza pia kuhifadhiwa RITA, ambayo hutoa huduma hiyo kwa wananchi, badala ya kuwekwa chini ya godoro ambako wa kwanza kuukuta anaweza kuwa yule asiyenufaika nao.

Kilichomo ndani ya wosia huo ndicho chenye maana. Kauli kwamba kijana atatunzwa na ndugu zake haina uzito mahakamani. Wosia unaomfaa hutaja shamba lililotengwa na mipaka yake, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na alama, mtu atakayeishi na kijana, na mtu mwingine tofauti atakayesimamia mali hiyo na kutoa hesabu kwa ukoo kila mwaka. Kutenganisha anayelea na anayeshika mali kunaweza kuonekana kama kutoaminiana ndani ya nyumba moja. Ukweli ni kwamba utaratibu huo humlinda pia mlezi mwenye nia njema, ambaye vinginevyo kila debe la mahindi analouza litazua maneno. Mwenye mali akifariki, shauri la mirathi ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha ukoo huwa sehemu ya mwanzo ya shauri hilo. Kijana aliyetajwa kwa jina katika wosia na katika muhtasari ana nafasi kubwa zaidi kuliko aliyetajwa kwa huruma.

Kazi yenye kipimo

Mtu wa kwanza kutambuliwa kitabibu kuwa na usonji katika historia alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi nchini Marekani. Alizaliwa mwaka 1933, na ndiye wa kwanza kati ya watoto 11 walioelezwa na daktari Leo Kanner katika makala yake ya mwaka 1943. Maisha yake yana mambo kadhaa ambayo mkulima wa Serengeti atayaelewa haraka kuliko msomi wa mjini.

Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kuishi na mume na mke waliokuwa wakilima shamba la kukodi umbali wa kilomita 16 hivi kutoka nyumbani. Kanner aliwatembelea Mei 1945 na akashangazwa na hekima ya wakulima hao. Mtoto alikuwa ameshikwa na tabia ya kupima kila kitu, nao wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaeleza kina chake. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimwachia aihesabu huku akiilima kwa plau. Daktari huyo alimwona akilima mistari sita mirefu, akimwongoza na kumgeuza farasi vizuri. Hakuna aliyejaribu kumwondolea tabia yake. Iliingizwa katika kazi ya shamba, na kazi ikafanyika.

Donald baadaye alifanya kazi kwa miongo mingi katika benki ya mji wake, iliyokuwa na uhusiano na familia ya mama yake. Alijifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Mama yake alifariki mwaka 1985, naye akaendelea kuishi katika nyumba ya wazazi wake, gharama zake zikilipwa na mfuko wa udhamini ulioanzishwa na familia, hadi alipofariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo, na ingekuwa si haki kumtaka mama wa Manchira afuate kila hatua yao. Lakini fedha peke yake hazielezi yote. Mji mzima ulimfahamu, ulimsalimia kwa jina na ulikuwa tayari kumkabili yeyote aliyetaka kumdhulumu.

Kwa kijana wa miaka 16 anayeishi kijijini, mafunzo ya kazi yanaweza kuanza katika kile anachokirudia kila siku. Anayepanga mawe kwa ukubwa anaweza kupanga mayai. Anayeshikilia saa anaweza kuwa mtu wa kukumbusha muda wa kunywesha mifugo. Kuchota maji, kupepeta nafaka, kuokota kuni, kulisha kuku na kupukuchua mahindi ni kazi zenye mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho, na hilo ndilo wengi wenye usonji hulipenda. Ualimu wa kazi hizo unataka subira na utaratibu usiobadilishwabadilishwa. Walimu wa elimu maalum, ambao wengi wao huandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, wanaweza kuwasaidia wazazi kugawa kazi moja katika hatua ndogo ndogo.

Kwa wenye uwezo mkubwa zaidi, zipo fursa rasmi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tarime na Kisangwa, wilayani Bunda, vipo ndani ya mkoa wa Mara, na Serikali inavyo vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, vikiwemo Yombo jijini Dar es Salaam na Sabasaba mkoani Singida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Wilaya ya Serengeti ina hoteli na kambi za watalii ambazo kazi zake nyingi, kama kufua na kukunja mashuka, kupanga vyombo au kutunza bustani, hufanywa kwa utaratibu ule ule kila siku. Ni vigumu kuona sababu ya msingi ya kazi hizo kutoelekezwa kwa vijana wenye usonji, isipokuwa kwamba hakuna aliyeuliza.

Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa Aprili 2023 ili kurekebisha kasoro za usimamizi, na ukarejea katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Fungu hilo la asilimia 2 huwafikia kwa urahisi zaidi wale wanaoweza kufika ofisini, kujieleza na kuandika andiko la mradi. Mwenye usonji anayehitaji msaada mkubwa huachwa nyuma hata ndani ya kundi la walioachwa nyuma. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mwenye nafasi ya kulirekebisha hilo, kwa kuzitafuta familia hizo majumbani badala ya kuzisubiri.

Pale ambapo familia peke yake haitoshi

Ni lazima isemwe wazi kwamba kuna pengo. Sheria ya mwaka 2010 inaweka wajibu kwa ndugu na kwa mamlaka za serikali za mitaa hadi ngazi ya kijiji, na inaelekeza kuwepo kwa kamati za watu wenye ulemavu. Lakini mtu mzima mwenye usonji aliyepoteza wazazi na asiye na ndugu hana mahali pa kupelekwa palipoandaliwa kwa ajili yake. Mkoa wa Mara unayo Makazi ya Wazee ya Nyabange. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya wazee na wasiojiweza, na kijana wa miaka 30 mwenye nguvu na anayefadhaishwa na kelele angekuwa mgeni humo kwa kila hali.

Mifano ya jirani inaonesha kwamba hatua za kati zinawezekana. Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mlezi hutambuliwa rasmi kupokea fedha hizo kwa niaba yake. Kiasi hicho si kikubwa. Thamani yake nyingine ni kwamba mlezi huwa na jina katika daftari la Serikali, na jina hilo linaweza kuulizwa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, jambo linalothibitisha kuwa malipo ya kudumu kwa kundi lililo nje ya ajira rasmi yanawezekana katika mazingira ya Tanzania. Tanzania Bara, kupitia TASAF, ina mpango wa kunusuru kaya maskini unaozifikia kaya hadi vijijini. Utaratibu wa kumtambua mlezi wa mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa, na wa kumpata mrithi wake anapofariki, ungeweza kusimama juu ya msingi huo bila kuanza upya.

Wakati hayo yakisubiriwa, zipo hatari ambazo haziwezi kungoja sera. Baadhi ya watu wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga na huvutiwa sana na maji, na ajali za kuzama ni miongoni mwa sababu za vifo vyao zinazofahamika duniani. Manchira ina bwawa, na wilaya ya Serengeti ina vijiji ambavyo tembo huingia mashambani usiku. Mama akiwepo, hujua mwanawe amekwenda upande gani. Asipokuwepo, anayepaswa kujua ni jirani, mchungaji wa ng'ombe, mvuvi na askari wa kijiji. Kumpitisha kijana kwa watu hao wote, kwa jina lake na kwa maelezo mafupi ya namna ya kumwita bila kumshtua, ni kazi ya siku mbili au tatu. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali pazuri pa kuianza.

Jambo la mwisho katika maandalizi ya mama huyo linahitaji kalamu na kurasa mbili za daftari. Humo huandikwa yale ambayo yeye peke yake anayajua: vyakula ambavyo kijana hali, sauti zinazomuumiza, dawa anazotumia na saa zake, maana ya kila ishara anayoitoa, wimbo unaomtuliza, ng'ombe anayempenda, njia anayoifuata anapotoroka. Nakala moja hukaa nyumbani, ya pili kwa ndugu aliyetajwa kumlea, na ya tatu kwenye faili la Afisa Ustawi wa Jamii. Huandikwa upya kila mwaka, kwa sababu kijana ambaye akiwa na miaka 16 alikimbia mlio wa mashine ya kusaga anaweza kuwa, atakapofika 25, ndiye anayepeleka mahindi huko.